Labour, wasio na kazi, na swali la nani alipe ujira

Desemba 2025 Waziri wa Kazi na Pensheni wa Uingereza, Pat McFadden wa serikali ya chama cha Labour, alitangaza pauni milioni 820 za kuwatoa vijana kwenye mafao na kuwaingiza kazini. Alisema kijana wa miaka 18 hadi 21 aliyekaa miezi 18 kwenye Universal Credit, yaani mafao makuu ya wasio na kazi na wenye kipato kidogo, huku akitafuta kazi atapewa kazi ya miezi sita, saa 25 kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara, na serikali ndiyo itakayolipa. Atakayekataa bila sababu ya maana anaweza kukatwa mafao. Waliousikia mpango huu wamegawanyika haraka. Wako wanaosema kazi za bure za enzi za David Cameron, waziri mkuu wa Conservative, zimerudi, na wako wanaosema Labour hatimaye imepata ujasiri wa kuwaambia vijana kwamba mafao si mshahara. Naona wote wamekosea mahali pamoja: wanatazama adhabu na kuliruka swali la ujira. Tangu 2011 Uingereza imejifunza kwa gharama kubwa kwamba kumfanyisha mtu kazi bila kumlipa hakumpatii ajira. Na Labour ilikuwa na nafasi ya kulisema hilo mapema, ila viongozi wake kila mara waliwatazama wasio na kazi kwa jicho la uchaguzi na la nani atakikalia kiti cha chama.

Mwaka 2011 serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats, Wizara ya Kazi na Pensheni ikiwa chini ya Iain Duncan Smith, ilileta mlolongo wa mipango ya kuwapeleka wapokea mafao kwenye maduka, maghala na mashirika ya hisani. Mmoja ulioanza Mei mwaka huo ulimtaka mtu afanye kazi hadi saa 30 kwa wiki kwa majuma manne. Aliyekataa alikatwa posho. Mwingine ulikuwa wa vijana na uliitwa wa hiari, lakini aliyejiunga kisha akauacha baada ya wiki ya kwanza naye aliweza kupoteza posho. Mshahara haukuwepo popote. Mtu aliendelea kupokea posho ya mtafuta kazi, na pengine nauli juu yake. Raia wengi hawakuwa na habari hadi Februari 2012, lilipoonekana tangazo moja kwenye tovuti ya vituo vya ajira vya serikali. Tesco, kampuni kubwa kuliko zote za maduka ya vyakula nchini humo, ilikuwa inatafuta mtu wa zamu ya usiku huko Suffolk. Kazi ya kudumu. Penye mshahara paliandikwa: posho ya mtafuta kazi pamoja na gharama. Kampuni ikaeleza kwamba tangazo lilikosewa, kwamba ilikuwa nafasi ya muda ya kupata uzoefu. Maelezo hayo hayakumtuliza mtu, kwa sababu kosa lililokubaliwa lilikuwa kuiita kazi hiyo ya kudumu. Kwamba mtu angepanga bidhaa usiku kucha bila mshahara, hilo halikuitwa kosa. Kampuni kadhaa zikajitoa, na kabla Februari haijaisha serikali ikaondoa adhabu karibu zote kwenye mpango wa vijana. Ule wa lazima uliendelea kama ulivyokuwa.

Hoja ya watetezi ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana ilisambaa: anayekula kodi ya wenzake naye atoe jasho. Tupige hesabu. Mwaka wa fedha wa 2012 hadi 2013 posho ya kijana wa chini ya miaka 25 ilikuwa pauni 56.25 kwa wiki. Igawe kwa saa 30. Inatoka chini ya pauni 1.90 kwa saa, wakati kima cha chini cha kisheria kwa wafanyakazi wa umri wa miaka 18 hadi 20 kilikuwa pauni 4.98. Kwa wa miaka 25 na zaidi, posho ilikuwa pauni 71, yaani takriban pauni 2.37 kwa saa, na kima chao kilizidi pauni sita. Watetezi hujibu kwamba mpokea posho pia hulipiwa kodi ya nyumba, kwa hiyo malipo yake halisi ni makubwa zaidi. Jibu hilo halisimami. Uingereza wafanyakazi wengi wa mishahara midogo nao husaidiwa kodi ya nyumba, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo duka liruhusiwe kuwalipa pauni mbili kwa saa. Ikiwa kazi ipo, inahitajika na inamwingizia mtu faida, sheria ya nchi imeshataja bei yake ya chini kabisa. Kumleta mtu wa kuifanya chini ya bei hiyo ni kumpa mwenye duka ruzuku inayotoka kwenye mfuko wa walipa kodi wale wale wanaosemwa kutetewa.

Hasara haiishii kwa aliyelazimishwa. Ndugu zetu wengi waliofika London, Leicester au Manchester walianzia kwenye zamu za usiku za maghala na maduka, na wanajua jinsi saa za ziada zinavyoamua kama kodi ya nyumba italipika mwezi huo. Meneja anayeletewa watu watatu wa bure kabla ya Krismasi hana sababu ya kutoa saa za ziada kwa wale alionao. Mwenye kazi anapungukiwa saa, asiye na kazi hapati mshahara, kisha wote wawili wanaambiwa kwamba adui yao ni uvivu.

Kuna hoja nzito zaidi upande ule, na inastahili kusikilizwa. Mtu akikaa muda mrefu bila kazi hupoteza mazoea ya kuamka na kutoka, hukosa wa kumwandikia barua ya udhamini, na waajiri huanza kuliogopa pengo kwenye wasifu wake. Hilo ni kweli kila mahali. Kwa hiyo swali la haki ni hili: je, majuma manne ya lazima bila ujira yaliliziba pengo hilo? Wizara yenyewe ilifanya utafiti na kuutoa Juni 2012. Matokeo: waliopelekwa kwenye kazi za lazima hawakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira kuliko wenzao ambao hawakupelekwa. Idadi ya wanaopokea posho ilishuka kidogo kwa muda mfupi, kisha tofauti ikafutika. Na katika siku hizo hizo serikali ikatangaza kuupanua mpango.

Weka utafiti huo kando ya ule wa Novemba mwaka huo huo wa 2012. Kabla ya kuondoka madarakani, Labour ya Gordon Brown ilikuwa imeanzisha mwaka 2009 mfuko wa kuwaajiri vijana kwa miezi sita, saa 25 kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara. Serikali mpya iliufuta mara tu ilipoingia mwaka 2010, ikiuita ghali na usiofaa. Wizara ile ile ilipokuja kuupima, ikakuta kwamba miaka miwili baada ya kuanza washiriki walikuwa na uwezekano wa asilimia 27 zaidi wa kuwa kwenye ajira isiyo na ruzuku, na asilimia 16 pungufu wa kuwa kwenye mafao. Kwa kila mshiriki jamii ilipata faida iliyokadiriwa kuwa pauni 7,750 baada ya kutoa gharama. Mipango miwili, wizara moja, mwaka mmoja wa vipimo. Uliolipa ulifanya kazi, usiolipa haukufanya. Mwajiri anayekuchukua kwa mshahara hukupa majukumu na kukufundisha, na baadaye anaweza kusema kwa kinywa chake kwamba ulikuwa mfanyakazi wake. Anayeletewa mtu kwa majuma manne hana sababu ya kujifunza hata jina lake.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ukweli, siwezi kuwaunga mkono wanaoiita mipango ile utumwa. Cait Reilly, mhitimu wa jiolojia kutoka Birmingham, alikuwa anajitolea kwenye jumba la makumbusho mwaka 2011, kazi aliyojitafutia mwenyewe, kituo cha ajira kilipomwambia aiache aende dukani Poundland. Alikaa huko wiki mbili akipanga bidhaa kwenye rafu na kufagia sakafu. Alipokwenda mahakamani, hoja ya kwamba alifanyishwa kazi ya kulazimishwa ilikataliwa, na aliposhinda katika Mahakama ya Rufani tarehe 12 Februari 2013 hakushinda kwa hoja hiyo. Majaji walisema kanuni za waziri zilikuwa batili kwa sababu hazikueleza mipango yenyewe ni ipi, wakati Bunge lilitaka ielezwe. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikawaunga mkono. Ushindi huo ni wa maana kubwa kuliko neno utumwa: serikali haiwezi kumnyima mtu riziki kwa kuvunja masharti ambayo haikumweleza. Katika pwani yetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, neno hilo lina wenyewe. Dhuluma ya Poundland inajieleza bila kuliazima.

Najua msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu anaweza kuuliza: hawa wanalalamika nini, wakati kwetu mwalimu aliyehitimu anajitolea shuleni miaka na hakuna posho ya kumlisha? Swali ni halali. Lakini tuangalie linaelekea wapi. Mwalimu wa kujitolea anafundisha darasa ambalo lisingekuwa na mwalimu, na anaweza kuondoka kesho akipata njia nyingine. Dhuluma yake ni kwamba kazi ipo, inaonekana kwa macho, na hailipwi. Kijana wa Birmingham alipewa kazi iliyopo, inayoonekana na isiyolipwa, kisha akaambiwa akiondoka atakosa chakula. Wote wawili wanawadai waajiri wao kitu kimoja: ujira. Kwamba sisi tumeshazoea haimaanishi kwamba yeye naye azoee. Wanaharakati wetu wa kazi wangefanya vizuri kuisoma kesi hii, kwa sababu inaonyesha kwamba hata katika nchi yenye kima cha chini cha mshahara kinachosimamiwa na sheria, kazi ya bure huingia pale inapopewa jina la uzoefu.

Sasa siasa, kwa maana hapo ndipo Labour ilipopotea. Baada ya hukumu ya Februari 2013 serikali ilikuwa hatarini kuwarudishia watu hadi pauni milioni 130 walizokatwa. Badala ya kulipa, ikaandika muswada wa dharura wa kuhalalisha adhabu zile kwa kurudi nyuma. Tarehe 19 Machi muswada ulipitishwa hatua zote za Bunge la wabunge wa kuchaguliwa ndani ya siku moja. Ed Miliband, aliyekuwa kiongozi wa Labour, na waziri wake kivuli Liam Byrne, waliwaagiza wabunge wao wasipige kura. Zaidi ya 40 walikaidi. Byrne alikuwa na sababu zake: kwamba pesa hizo zingetafutwa kwa kukata mafao mengine, na kwamba kwa kutoupinga muswada alikuwa amepata ahadi ya mapitio huru ya adhabu. Mapitio yalifanyika kweli, na mwaka 2014 yakaonyesha kwamba barua walizokuwa wakipelekewa wapokea mafao zilikuwa ngumu kueleweka. Lakini bei ya ahadi hiyo ilikuwa kukubali kwamba serikali iliyoshindwa mahakamani inaweza kubadili sheria ya jana ili isilipe. Baadaye Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo ilivunja haki ya kusikilizwa kwa haki ya watu ambao tayari walikuwa na rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikakubali. Chama kilichoundwa na vyama vya wafanyakazi kilinyamaza katika jambo ambalo majaji hawakulinyamazia.

Ukimya huo haukutoka hewani. Tangu Tony Blair aanzishe mpango wake wa vijana mwaka 1998, ambapo kubaki nyumbani na posho hakukuwa miongoni mwa chaguo, Labour ilikuwa na imani kwamba kuwa mkali kwa wasio na kazi ndiko kunakompa mpiga kura wa kawaida sababu ya kukiamini chama. Mwaka 2009 serikali ya Labour yenyewe ilipitisha sheria iliyofungua mlango wa majaribio ya kazi kwa mafao. Duncan Smith alikuta njia imeshafyekwa. Kiongozi yeyote wa Labour aliyetaka kupinga angeambiwa kwamba anapinga alichokianzisha, na Miliband hakuwa na nguvu ya kulijibu hilo.

Kisha ukaja 2015. Labour ilishindwa uchaguzi wa Mei, Miliband akajiuzulu, na Harriet Harman akawa kiongozi wa muda. Tarehe 20 Julai muswada mpya wa mafao ulifika Bungeni. Ulishusha kiwango cha juu cha mafao ya familia, na kuweka ukomo wa watoto wawili kwenye ruzuku ya watoto. Harman aliagiza tena: msipige kura. Wabunge 48 wa Labour walipinga. Kati ya wagombea wanne wa uongozi wa chama, Andy Burnham, Yvette Cooper na Liz Kendall walitii. Jeremy Corbyn, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa ameingia kwenye karatasi ya kura kwa uteuzi wa wabunge 36 wakati waliohitajika ni 35, alipiga kura ya kupinga. Tarehe 12 Septemba alishinda kwa asilimia 59.5. Burnham alipata asilimia 19, Cooper 17, Kendall 4.5.

Kusema kura ile moja ndiyo iliyompa Corbyn chama ni kutia chumvi. Utafiti wa maoni wa YouGov uliotoka wiki hiyo hiyo ulishamwonyesha akiongoza, na baadhi ya waliohojiwa walihojiwa kabla ya kura Bungeni. Wanachama walikuwa na hasira ya muda mrefu, tangu vita vya Iraq. Lakini kura ile iliwapa kipimo kisichohitaji maelezo. Burnham aliusema muswada vibaya mbele ya watu kisha hakuupinga kwa kura, na mwanachama aliyekuwa anasitasita hakuwa na haja tena ya kusoma ilani za wagombea. Walioupanga ukimya ule walidhani wanamlinda kiongozi ajaye. Walimwangusha kabla hajachaguliwa.

Keir Starmer alilielewa somo hilo alipogombea uongozi wa chama mwaka 2020. Miongoni mwa ahadi zake kumi kwa wanachama ilikuwamo ya kuifuta Universal Credit na kukomesha mfumo wa adhabu alioutaja kuwa wa kikatili. Alishinda. Julai 2023 akasema hataondoa ukomo wa watoto wawili. Julai 2024, wiki chache baada ya kuingia Downing Street kama waziri mkuu, wabunge saba waliopiga kura ya kuuondoa ukomo huo walisimamishwa kwenye kundi la chama Bungeni, akiwemo Rebecca Long-Bailey aliyeshika nafasi ya pili nyuma yake mwaka 2020. Machi 2025 Liz Kendall, yule yule wa asilimia 4.5, wakati huo akiwa Waziri wa Kazi na Pensheni, alitangaza kupunguza mafao ya watu wenye ulemavu ili kuokoa takriban pauni bilioni tano. Zaidi ya wabunge 120 wa Labour walitia saini kupinga, na tarehe 1 Julai serikali ilinusuru muswada kwa kuondoa sehemu yake kuu dakika za mwisho. Hata hivyo wabunge 49 walipiga kura dhidi yake. Novemba 26 bajeti ya waziri wa fedha, Rachel Reeves, ikatangaza kuwa ukomo wa watoto wawili utafutwa Aprili 2026. Jambo lililowagharimu wabunge saba nafasi zao limekuwa sera ya serikali ndani ya miezi 16. Watoto wenyewe na mahitaji yao hawakuwa wamebadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni nguvu ya kiongozi mbele ya wabunge wake.

Hapo ndipo ninapousoma mpango wa McFadden. Kazi zenyewe, 55,000, zinafuata mfano wa 2009 kwa saa na kwa mshahara, na huo ndio mfano uliofanya kazi. Anayeziita Poundland ya pili hajasoma. Kijana wa miaka 20 atakayefanya saa 25 kwa pauni 10.85, kima cha kuanzia Aprili 2026, atapata zaidi ya pauni 270 kwa wiki, wakati Universal Credit ya kijana asiye na familia mwaka 2025 ilikuwa takriban pauni 317 kwa mwezi mzima. Mshahara wa namna hiyo hauhitaji kumtisha kijana ili aukubali. Na kama baadhi watakataa, serikali ijiulize kwanza kazi iko umbali gani na nyumbani kwao, na kama basi lipo saa kumi na moja alfajiri.

Kinachonitia wasiwasi ni ile namba nyingine kwenye tangazo: nafasi 350,000 za mafunzo na uzoefu wa kazini. Katika mipango ya aina hii iliyokuwapo mwaka 2025, mshiriki hubaki kwenye mafao yake kwa hadi majuma sita, analipwa na wizara, si na mwenye kampuni, na mwishoni huahidiwa usaili. Ni zaidi ya mara sita ya zile kazi za mshahara. Kanuni zitakapoandikwa, wabunge wa Labour wanapaswa kudai mambo mawili kwa maandishi: kwamba kukataa nafasi isiyo na mshahara hakutakuwa sababu ya adhabu yoyote, na kwamba majina ya kampuni zinazopokea vijana yatawekwa wazi. Hili la pili si dogo, kwani wizara hii iliwahi kupigana miaka kadhaa kuyaficha majina ya waliopokea watu wa bure, hadi ikashindwa na kuyatoa mwaka 2016.

Waliotamani uongozi wa Labour walikuwa wengi mwishoni mwa 2025, na Burnham, wakati huo Meya wa Greater Manchester, alitajwa kila wiki. Eneo lake lilikuwa mojawapo ya maeneo ya kwanza ya mpango, pamoja na Birmingham. Alikuwa na nafasi ya kusema, kabla kijana wa kwanza hajapangiwa zamu, kama kampuni za Manchester zingepokea mfanyakazi yeyote asiyelipwa kwa agizo la kituo cha ajira.